Dubai: Bolti, gasketi na vita dhidi ya uvujaji

Saa saba ya mchana, mwezi wa Agosti, mtaa wa Al Twar mjini Dubai huwa kimya. Milango ya nyumba imefungwa, vivuli vya mitende ni vifupi, na sauti zinazosikika ni mbili tu: ndege zinazoshuka katika uwanja wa kimataifa ulio jirani, na mngurumo wa viyoyozi. Kipimajoto hupita nyuzi 40 za Selsiasi siku nyingi za kiangazi, na unyevu wa bahari huifanya hewa kuwa nzito zaidi. Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, sheria ya Umoja wa Falme za Kiarabu inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa mchana.

Ndani ya nyumba mambo ni mengine. Chumba ni baridi na bomba linatoa maji, ijapokuwa mji hauna mto wala ziwa. Sehemu kubwa ya maji hayo yalikuwa ya bahari, yakaondolewa chumvi katika mitambo ya Jebel Ali, mwendo wa zaidi ya kilomita 40 kutoka Al Twar. Ubaridi na maji hayo, vyote viwili, hutegemea chombo ambacho wakazi wengi hawajawahi kukiona wala kukifikiria: kibadilisha-joto. Nacho kibadilisha-joto hutegemea vitu vidogo zaidi, yaani bolti, nati na kipande chembamba kinachobanwa katikati, gasketi.

Msikilizaji aliyewahi kusafiri kwa daladala, matatu au basi la mbali anaifahamu gasketi, pengine bila kupenda. Gari limechemsha, abiria wameshuka, na fundi ananyoosha mikono yenye grisi na kutoa hukumu: gasketi ya silinda hedi imekwenda. Katika gereji za Gerezani mjini Dar es Salaam, au Katwe mjini Kampala, fundi huweka karatasi ya gasketi juu ya chuma, akaigonga taratibu kwa nyundo kufuata ukingo mpaka umbo likatoke lenyewe. Kanuni ya gasketi hiyo na ya ile iliyo katika mtambo wa Jebel Ali ni moja. Tofauti ni ukubwa wa nguvu na uzito wa maafa endapo kazi itaharibika.

Chombo cha kupokezana joto

Kibadilisha-joto hupokeza joto kutoka kwa kimiminika au mvuke mmoja kwenda kwa mwingine bila ya viwili hivyo kuchanganyika. Rejeta ya gari ni mfano mdogo: maji ya injini hupita ndani ya mirija, upepo hupita nje, joto likahama. Katika viwanda, aina iliyoenea zaidi ni ile ya gamba na mirija. Mamia ya mirija membamba hulazwa ndani ya pipa refu la chuma, na ncha zake hushikwa na bamba nene lililotobolewa matundu. Kitu kimoja hupita ndani ya mirija, kingine huizunguka.

Katika mitambo ya kusafisha maji kwa joto, maji ya bahari hupashwa moto kwa mvuke, kisha huingizwa katika vyumba vyenye mgandamizo mdogo wa hewa. Humo huchemka ghafla, na mvuke wake ukigusa mirija yenye maji baridi hugeuka maji matamu. Dubai imeanza kuhamia kwenye njia nyingine, ya kusukuma maji ya bahari kupitia utando mwembamba sana, lakini kwa miongo mingi ni njia ya joto iliyounyweshea mji huo maji.

Upande wa ubaridi, majengo mengi makubwa ya Dubai hayana viyoyozi vyao vya kujitegemea. Kampuni kama Empower, iliyoanzishwa mwaka 2003, hupoza maji katika kituo kimoja na kuyasambaza chini ya ardhi hadi kwenye majengo. Huko chini, katika chumba ambacho mpangaji haingii, maji hayo hukutana na maji ya jengo kupitia kibadilisha-joto cha mabamba: mabati membamba yenye mikunjo, yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, kila moja likiwa na gasketi ya mpira pembezoni.

Kwa nini bolti ni springi

Mabomba na mapipa haya hayawezi kuunganishwa yote kwa kulehemu, kwa sababu lazima yafunguliwe. Maji ya bahari huacha magamba ya chokaa, mafuta huacha masizi, na mirija huoza. Kwa hiyo mwisho wa bomba hutandazwa kama sahani, hutobolewa matundu kuzunguka, nayo huitwa flanji. Flanji mbili hukutanishwa uso kwa uso, gasketi ikawekwa katikati, bolti zikapitishwa na kukazwa.

Nguvu inayotaka kuzitenganisha flanji hizo si ndogo. Chukua kibadilisha-joto chenye kipenyo cha mita 1 na mgandamizo wa ndani wa baa 20. Msukumo juu ya kifuniko chake unafikia uzito wa tani 160, sawa na tembo dume zaidi ya 25 wakisukuma kwa pamoja. Bolti hazina budi kuushinda msukumo huo, kisha zibakiwe na nguvu ya kuendelea kuibana gasketi.

Watu wengi hudhani kwamba bolti hushika kwa sababu ni ngumu. Hasha. Bolti hushika kwa sababu imevutika. Fundi anapoikaza nati, chuma cha bolti hurefuka kidogo kama mpira wa manati, na hamu yake ya kurudi katika urefu wake ndiyo inayozibana flanji. Bolti ya chuma imara yenye urefu wa milimita 200, ikikazwa hadi nusu ya uwezo wake, hurefuka kwa takriban theluthi moja ya milimita, yaani unene wa karatasi tatu au nne za daftari. Usalama wa mtambo mzima umo ndani ya karatasi hizo. Gasketi ikinywea kidogo, au flanji ikiwa na rangi nene chini ya nati ambayo baadaye itabonyea, sehemu ya mvutano huo hupotea.

Hapo ndipo ugumu wa kazi unapoanza, kwa kuwa fundi haoni bolti ikirefuka. Anachokiona na kukisikia mkononi ni ugumu wa spana. Lakini katika kila sehemu 100 za nguvu anayotumia kuzungusha, takriban 50 huliwa na msuguano chini ya nati, 40 huliwa na msuguano katika meno ya bolti, na 10 tu ndizo zinazoivuta bolti. Kutu kidogo, au chembe ya mchanga, ambayo katika nchi ya jangwa haikosekani, hubadilisha hesabu yote. Bolti iliyopakwa grisi ya kufaa inaweza kupata mvutano uliozidi kwa theluthi moja ule wa bolti kavu, ilhali spana ya torki imesoma kipimo kilekile. Kwa sababu hiyo mafundi stadi husafisha kila bolti kwa brashi ya waya, huhakikisha nati inapita kwa vidole bila kukwama, kisha hupaka grisi kwenye meno na chini ya nati. Gasketi yenyewe haipakwi grisi wala gundi: huteleza, nayo ikiteleza hupasuka.

Nyota, si duara

Kosa la kawaida la fundi mwenye haraka ni kukaza bolti kwa mfuatano, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka anamaliza duara. Flanji huinama upande mmoja na gasketi huvunjwa upande huo kabla upande wa pili haujaguswa. Zaidi ya hayo, bolti moja inapokazwa, flanji husogea na jirani yake hulegea. Anayezikaza zote mara moja na kuondoka huacha nyuma yake bolti ambazo nyingi hazina nguvu aliyodhani amezipa.

Mwongozo wa Jumuiya ya Wahandisi Mitambo ya Marekani, ujulikanao kama PCC-1, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000 na kurekebishwa mara kadhaa, ukiwemo mwaka 2022, umeeleza njia iliyozoeleka ya kukwepa tatizo hilo. Bolti hupewa namba. Hukazwa kwa kuvuka, kama mtu anayechora nyota: kwanza hadi asilimia 20 au 30 ya kipimo, kisha 50 hadi 70, kisha kipimo kamili. Baada ya hapo fundi huzunguka duara, bolti moja baada ya nyingine, na kurudia mpaka hakuna nati inayosogea. Kisha husubiri. Baada ya muda usiopungua saa 4 huzunguka tena, kwani katika saa hizo gasketi imekwishajilaza na kupoteza sehemu ya ubanaji wake.

Saa hizo 4 ndizo zinazoibiwa mara nyingi. Mtambo uliozimwa hauzalishi kitu, meneja anatazama saa, na kusubiri gasketi ijilaze kunaonekana kama uvivu.

Joto lenyewe ndilo adui

Mabomba ya kawaida yana tabia njema, kibadilisha-joto hakina. Lile bamba la matundu limebanwa katikati ya flanji mbili, gasketi moja mbele na nyingine nyuma. Upande mmoja unaweza kuwa na mafuta ya nyuzi 300, na wa pili kitu cha nyuzi 100. Chuma cha moto hutanuka zaidi, cha baridi kidogo, na gasketi iliyo kati yao huburutwa huku na huko kila mtambo unapowashwa na kuzimwa. Katika vichwa vingine, nusu ya juu hupokea kimiminika kinachoingia kikiwa cha moto na nusu ya chini hutoa kilekile kikiwa kimepoa, hivyo flanji moja hutaka kupinda kama ubao uliowekwa juani upande mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo wasimamizi hulisahau. Mtambo unapowashwa, flanji hupata joto kabla ya bolti zake, na bolti huvutwa zaidi. Unapozimwa, mambo hugeuka: flanji hupoa na kusinyaa kwanza, bolti zikiwa bado ndefu kwa joto, na ubanaji hushuka. Ndiyo sababu viungo vingi ambavyo vilikuwa vikavu mwaka mzima huvuja siku ya kuzima au ya kuwasha, na mvua ya ghafla juu ya flanji ya moto inaweza kufanya vivyo hivyo.

Gasketi za mitambo hii zimebadilika sana. Mwaka 1912 ilibuniwa gasketi ya kusokotwa, utepe wa chuma na kijazio vikizungushwa pamoja kama mkeka wa duara, kwa ajili ya injini za mvuke. Muundo huo bado unatumika. Kijazio chake kwa muda mrefu kilikuwa asbesto, madini yasiyoungua ambayo nyuzi zake zikivutwa puani huleta saratani. Uingereza ilipiga marufuku asbesto mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya mwaka 2005. Siku hizi hutumika zaidi grafiti. Hata hivyo, mitambo ya zamani Afrika Mashariki na kwingineko ingali na gasketi za asbesto zilizokaukia juu ya flanji, na fundi anayezikwangua zikiwa kavu, bila kuzilowesha na bila kinyago, anavuta vumbi ambalo madhara yake huonekana baada ya miaka 20 au zaidi.

Kukwangua kuna hatari nyingine pia, ingawa hii ni ya mtambo. Mkwaruzo unaofuata duara ya flanji hausumbui sana. Mkwaruzo unaokatisha kutoka ndani kwenda nje ni mfereji, na hakuna bolti itakayouziba. Patasi ya chuma iliyotumiwa kwa hasira dakika moja yaweza kuipeleka flanji karakana kwa siku nzima.

Usiku wa Piper Alpha

Tarehe 6 Julai 1988, katika jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilikuwa imesimamishwa kwa matengenezo. Vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa, na mahali pake mafundi walifunga flanji ya kuzibia. Haikukazwa kiasi cha kuzuia uvujaji, kwa kuwa pampu haikutarajiwa kufanya kazi. Zamu ya usiku ilipoingia haikupata taarifa hiyo. Ilipokaribia saa nne usiku pampu ya pili ilizima, na wafanyakazi wakaamua kuiwasha ile ya kwanza. Watu 167 walikufa. Uchunguzi wa Jaji Cullen, uliochapishwa mwaka 1990, uliitaja flanji hiyo kuwa chanzo kinachoelekea zaidi kuwa sahihi, na ukatoa mapendekezo 106.

Kisa cha pili ni cha karibu zaidi na mada hii. Mjini Anacortes, jimbo la Washington nchini Marekani, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Tesoro kilikuwa na safu mbili za vibadilisha-joto. Flanji zake zilikuwa zikivuja karibu kila mara mtambo ulipowashwa baada ya usafi. Uvujaji ukawa desturi: wafanyakazi walisimama karibu wakiwa na mabomba ya mvuke, tayari kuutawanya mvuke wa mafuta usiwake. Usiku wa tarehe 2 Aprili 2010, wakati safu moja ikirejeshwa kazini, kibadilisha-joto cha safu ya pili kilipasuka. Watu saba walikufa.

Flanji hazikukipasua chombo hicho. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2014 kwamba haidrojeni ya joto kali ilikuwa imekula chuma kutoka ndani. Lakini taratibu za kazi hazikuwataka watu saba kuwa mahali pale. Uvujaji uliozoeleka uliwafanya watu wa ziada waitwe, na ukawaweka kando ya chombo wakati usiofaa. Walioutazama uvujaji kama kero ndogo hawakuuhesabia gharama hiyo.

Maziwa, jotoardhi na mpira mgumu

Afrika Mashariki haiko mbali na habari hizi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichofunguliwa miaka ya 1960, kilikuwa shule ya mafundi wengi wa flanji hadi kilipoacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Huko Olkaria, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, baadhi ya mitambo ya jotoardhi hutumia joto la chini ya ardhi kuchemshia kimiminika kingine kinachozungusha tabo, na viungo vya vibadilisha-joto vyake hukaguliwa kama vile vya Dubai.

Walio wengi hukutana na kibadilisha-joto cha mabamba katika kiwanda cha maziwa. Maziwa hupashwa hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15 na kupozwa mara moja. Hapa bolti hazikazwi kwa torki. Kinachopimwa ni umbali kati ya mabamba mawili makubwa ya mwisho, na umbali huo huandikwa na mtengenezaji kwenye kibao cha mtambo. Anayekaza kupita kipimo hicho ili kuzuia tone moja huwa anayaponda mabati, na mwezi unaofuata huvuja mahali pengi zaidi. Gasketi hizo ni za mpira, na mpira huzeeka: joto na klorini huufanya mgumu, kisha hauwezi tena kufuata uso wa bati. Baridi nayo huugandisha. Asubuhi ya tarehe 28 Januari 1986, huko Florida, pete ya mpira katika kiungo cha roketi ya chombo cha anga Challenger ilishindwa kuziba kwa sababu hiyo, na wanaanga saba wakapoteza maisha.

Wabunifu wa mabamba waliongeza hila moja nzuri. Palipo na hatari ya vimiminika viwili kukutana, kuna gasketi mbili na mwanya wa wazi kati yake. Moja ikishindwa, kimiminika hutoka nje sakafuni badala ya kuingia katika maziwa. Msafishaji anayeona dimbwi chini ya mtambo na kulifuta bila kumwambia mtu ameifuta ishara yenyewe.

Cheti na kadi

Kwa vijana wa Afrika Mashariki wanaotafuta kazi katika nchi za Ghuba, kazi hii imekuwa na maana nyingine. Zamani ilitosha kusema kwamba mtu ana mkono mzito na anajua spana. Tangu mwaka 2013 Ulaya ina kiwango rasmi, EN 1591-4, kinachoeleza mafunzo na mtihani wa anayefunga viungo vya bolti katika mitambo ya hatari, na mwongozo wa PCC-1 una sehemu yake kuhusu sifa za mafundi. Makampuni mengi ya mafuta na gesi huuliza cheti. Asiye nacho, hata kama amekaza flanji kwa miaka 15 Changamwe, anaweza kuajiriwa kama msaidizi wa kubeba vifaa, na mshahara wa msaidizi si wa fundi.

Katika mitambo inayofuata utaratibu huo, kila kiungo kikifungwa hutundikiwa kadi. Kadi huandikwa namba ya flanji, aina ya gasketi, grisi iliyotumika, kipimo cha torki, tarehe, na jina la aliyekaza. Kisha maji ya majaribio huingizwa kwa mgandamizo uliozidi ule wa kazi, na mkaguzi hupita na tochi akitazama chini ya kila nati. Palipo na unyevu, mgandamizo hushushwa kwanza hadi sifuri ndipo spana iguse bolti. Kadi huchanwa vipande viwili: kimoja hubaki kwenye flanji, kingine hupelekwa ofisini, na mtambo hauwashwi mpaka idadi ya vipande vilivyo ofisini ilingane na idadi ya viungo vilivyofunguliwa.